Mita Tatu Kutoka Mpakani

Barua ya halmashauri iliyakuta mayai yana siku kumi na mbili kwenye mashine ya kutotolesha. Ilikuwa imebandikwa kwenye geti asubuhi ya Jumatatu, kwa gundi nyingi mno, kana kwamba aliyeibandika alijua kuna mtu atatamani kuichana. Mama Vifaranga aliisoma amesimama, ndoo ya maji mkononi. Ilisema paneli za umeme wa jua zilizosimamishwa kwenye fremu uani kwake ziko chini ya mita tatu kutoka mpaka wa jirani, kinyume cha sheria ndogo za mipango miji. Alipewa siku saba kurekebisha. Baada ya hapo mtambo utafungwa.

Siku saba, na mayai yamebakiza tisa.

Mtu asiyetotolesha vifaranga anaweza kuona siku mbili si kitu. Mama Vifaranga alijua ni nini. Mara mbili mwaka huo umeme wa nguzo ulikatika jioni, ukarudi siku ya pili mchana, na mara zote mbili mayai yakafia kwenye mashine. Aliyapasua moja moja kuona kama kuna lililopona. Ndani alikuta vifaranga wameshaota manyoya, wamejikunja, wamekufa. Alilia uani kweupe, bila kujificha, na tangu siku hiyo akaapa hatapasua tena yai la namna ile. Ndiyo maana akauza cherehani na kabati, akaweka paneli. Paa lake lilikuwa kuukuu na limeangalia upande usiofaa, kwa hiyo fundi wa sola akazipandisha kwenye fremu ya chuma uani. Wafugaji waliokuwa wakichukua vifaranga kwake walimwambia bila kumficha kwamba wakikosa mara ya tatu watahamia kwingine. Hii ndiyo ilikuwa mara ya tatu, mayai mia sita.

Sasa nani kamchongea?

Hakuhitaji kuumiza kichwa sana. Alipoinua macho kutoka kwenye barua, alimwona mkaguzi wa halmashauri, kijana mwenye fulana ya kuakisi mwanga, anatoka kwenye geti la jirani. Jirani mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkutubi, alikuwa amemsindikiza mpaka nje. Wakapeana mikono. Mkutubi akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani, kisha akamwona Mama Vifaranga na kuinua mkono kumsalimu.

"Shemeji, habari za asubuhi?"

"Nzuri," alijibu, akaingia ndani na ndoo yake.

Mkutubi alikuwa mzee mpole, mjane, aliyefanya kazi maktaba mpaka akastaafu, na bado alizungumza kwa sauti ya chini kama vile kuna watu wanasoma chumba cha pili. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Vifaranga, ndiyo maana ya huo ushemeji. Kwa miaka ishirini na miwili walikuwa wakiazimana ngazi, chumvi na magazeti. Lakini miezi miwili iliyopita, wiki ile paneli ziliposimamishwa, alimwambia juu ya ukuta, "Shemeji, vioo vyako vinaniamsha mapema kuliko majogoo wako. Jua likichomoza linanipiga usoni kitandani." Siku ile walicheka wote wawili. Mama Vifaranga akikumbuka sasa, alishangaa alicheka nini. Mtu amelalamika waziwazi, naye akadhani ni mzaha.

Akampigia simu mdogo wake.

"Dada, ninyi wapole mnaliwa hivihivi," mdogo wake alisema, baada ya kusikia kila kitu mara mbili. "Huyo anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu gani anajua kipimo cha mita tatu kama hakuchukua futi akapima?"

Neno hilo la futi lilimwingia. Na kama shetani alikuwa anasikiliza simu ile, jioni hiyo Mama Vifaranga akiwa anageuza mayai alichungulia dirishani, akamwona Mkutubi amesimama nje ya dirisha la chumba chake cha kulala, ameshika futi ya chuma. Anaivuta, anaiachia, anaivuta tena, kisha anaandika kwenye kikaratasi. Alipohisi anaangaliwa, aliikunja haraka akaitia mfukoni. Mtu mwenye dhamira safi hafichi futi. Ndivyo alivyojiambia, na usingizi haukumjia.

Jumanne alifika ofisi ya mipango miji kabla haijafunguliwa. Karani wa dirisha la pili alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, anayezungumza polepole, anayevuta kila faili kama vile linamuuma mkono. Mama Vifaranga alimpa barua.

"Nataka kujua nani kanishtaki."

"Hapa hatushughuliki na nani," karani alisema. "Tunashughulika na kipimo. Ukiwa chini ya mita tatu una njia mbili. Njia ya kwanza ni ridhaa ya jirani, anaweka sahihi kwamba hana pingamizi, unagongewa muhuri, unaendelea. Njia ya pili, kama wewe huamini kipimo, unaomba mpaka upimwe upya." Alivuta droo, akaanza kupekua mafaili kwa kidole. "Ngoja nikutazamie. Huyo jirani wako, mkaguzi ameshaongea naye jana..."

"Najua ameongea naye. Nimewaona kwa macho yangu."

"Basi ngoja nilitoe faili..."

"Sitaki faili. Na ridhaa yake siitaki. Siwezi kwenda kumpigia magoti mtu aliyenichimbia shimo. Nipe fomu ya kupima."

Karani alimwangalia juu ya miwani. Alikuwa na kitu cha kusema, hilo lilionekana, lakini nyuma kulikuwa na foleni na watu walishaanza kuguna. Akaifunga droo, akampa fomu. Mama Vifaranga aliijaza palepale, amesimama, kwa herufi kubwa, na kwenye nafasi ya sababu akaandika kwamba jirani anatumia sheria kumwonea mjane. Alipotoka nje alijisikia mwepesi. Alikuwa amekataa kuonewa, na hiyo ni raha ambayo haina mfano, hasa kwa mtu ambaye bado hajajua gharama yake.

Kuanzia hapo alimchunia Mkutubi. Akisalimiwa, hasikii. Jumatano mzee alibisha geti, akasimama pale dakika nzima na karatasi mkononi, na Mama Vifaranga akamtazama kupitia tundu la ufunguo bila kufungua. Alidhani ni barua nyingine ya mashtaka. Alhamisi dirisha la Mkutubi likawekwa pazia zito, jeusi, na yeye akajisemea kwamba sasa mtu ameamua kupeleleza akiwa amejificha. Kila kitu alichofanya yule mzee kilikuwa na maelezo, na maelezo yote yalikuwa mabaya. Usiku aliamka kukagua kipimajoto cha mashine. Kilisoma vizuri. Mayai aliyoyapiga tochi yalionyesha mishipa myekundu na kivuli kinachocheza. Aliyahurumia mno, na hasira ikampanda upya.

Ijumaa walikuja watatu: mkaguzi na fulana yake, mpimaji wa ardhi na mashine ya miguu mitatu, na kibarua mwenye jembe. Sheria ilitaka majirani wote wawili wawepo. Mkutubi aliingia amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama karibu na geti, hakusogea. Mama Vifaranga alisimama upande wa pili wa ua, mikono kifuani. Mdogo wake naye alikuwa amekuja kuona haki ikitendeka.

Mpimaji alifungua ramani, akachungulia kwenye mashine yake, akahesabu, akasogea. Mama Vifaranga alitegemea aende ukutani. Hakwenda ukutani. Alikuja kuelekea kwake, akasimama karibu na kizingiti cha chumba cha mayai, akakwaruza udongo kwa kisigino.

"Chimba hapa."

"Mpaka uko kule ukutani," Mama Vifaranga alisema.

"Chimba," mpimaji akarudia kwa kibarua.

Jembe liligonga kitu kwenye kina cha goti. Wakafukua kwa mikono. Lilikuwa jiwe la mpaka, la saruji, lenye nondo katikati na namba iliyochongwa. Mpimaji alilinganisha namba na ramani, kisha akavuta kamba kutoka pale kwenda jiwe la barabarani. Kamba ilipita katikati ya mlango wa chumba cha mayai, ikapita mita moja tu kutoka kwenye fremu ya paneli, ikaacha ukuta nyuma yake, ng'ambo. Hakukuwa na haja ya kuelezwa. Ukuta wake na nusu ya chumba chake vilikuwa vimesimama kwenye kiwanja cha Mkutubi.

Mdogo wake, aliyekuwa na maneno tangu asubuhi, alikumbuka ana safari na akaondoka.

"Ukuta huu alijenga nani?" mkaguzi aliuliza.

"Mume wangu," alisema. Alikumbuka mwaka ule. Ulijengwa kwa wiki moja, Mkutubi akiwa amesafiri kumzika mama yake. Aliporudi, wanaume wale wawili walisimama getini muda mrefu, kisha wakashikana mikono, na mumewe akaingia ndani akisema mambo yamekwisha. Hakuuliza mambo gani. Alikuwa na mimba kubwa na miguu imevimba.

Mkaguzi alifungua faili, akakuna kichwa. Alionekana anaona aibu kwa niaba ya watu wengine. "Mama, hapa umeandika jirani anakuonea. Lakini hakuna aliyekushtaki." Akamwonyesha karatasi. "Hii ni fomu ya kusajili mtambo. Fundi wako wa sola aliileta ofisini, ndivyo sheria inavyotaka. Kwenye umbali kutoka mpakani ameandika mita mbili na nusu. Sahihi ni yako."

Ilikuwa yake kweli. Alikumbuka fundi akimwekea makaratasi juu ya mashine ya mayai, naye akitia sahihi moja baada ya nyingine huku anauliza betri zinakaa muda gani.

"Na hii je?" aliuliza, kwa kuwa kulikuwa na karatasi ya pili.

"Hii ni ridhaa ya jirani. Nilimwambia Jumatatu kwamba akikubali, shauri linakwisha. Alisaini hapohapo. Nakala nilimwachia akuletee."

Mama Vifaranga aliisoma sahihi ya Mkutubi. Karatasi ya Jumatano. Tundu la ufunguo. Karani na droo yake.

"Basi si imeisha?" alisema kwa sauti ndogo.

"Ingekuwa imeisha. Lakini aliridhia mita mbili na nusu, na mpaka wenyewe wewe ndiye uliyeomba upimwe. Sasa ni mita moja, imeandikwa na mpimaji. Ridhaa hii haifai tena. Bila nyingine, Jumatatu nafunga." Aliangalia chini. "Na ukuta utaingia kwenye ripoti. Siwezi kuuficha."

Hapo ndipo wote wakamgeukia Mkutubi. Mama Vifaranga alivuka ua. Hatua zile kumi zilikuwa ndefu. Alitaka kuanza na samahani, lakini kilichotoka kilikuwa swali, maana mtu aliyezoea kushuku hata akishindwa bado anashuku.

"Ile futi... ulikuwa unapima nini?"

"Pazia," Mkutubi alisema. "La kuzuia mwanga. Nilificha futi nisionekane nanung'unika."

"Na habari za ukuta, ulijua?"

"Siku niliyorudi msibani. Mumeo alikiri mwenyewe, akaniomba. Alisema mtoto anakuja na nafasi ni ndogo. Nikasema basi, mita moja na nusu haitaniua. Nikanyamaza miaka yote hiyo. Wewe umeleta mpimaji na ukaandika kwamba nakuonea."

Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angeipandisha. Alinyoosha mkono kwa mkaguzi, akapewa fomu mpya, akaisoma yote kuanzia juu mpaka chini, kama anavyosoma kila kitu. Mama Vifaranga alihesabu mistari pamoja naye. Aliwaza mayai mia sita na vivuli vinavyocheza ndani yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliogopa kitu cha kweli.

Mkutubi aliweka karatasi kwenye nguzo ya geti na kutia sahihi. Akampa Mama Vifaranga mwenyewe, si mkaguzi.

"Ile ya kwanza nilisaini kwa ajili ya jirani yangu," alisema. "Hii nimesaini kwa ajili ya vifaranga. Wakishatoka, mama, ukuta urudi mahali pake."

Akawaaga wale watatu mmoja mmoja, akaenda kwake. Mama Vifaranga alibaki na karatasi mkononi. Mayai yake yalikuwa yamepona, yote, na hakuona mtu wa kumwambia.