Fimbo ya Sita ya Nabalayo

Kutoka Mamboleo mpaka Kombewa hakukuwa na mtu aliyejua kuchagua mti kama Nabalayo, na aliyekuambia hivyo ni Nabalayo mwenyewe. Halafu angekuongezea, kabla hujauliza, kwamba wengine waliojua wote walihamia biashara ya makaa, kwa hiyo mashindano hayakuwa makali.

Alichonga mipini ya majembe nyuma ya nyumba yake pale Mamboleo, na siku hizi alichonga pia fimbo za karate. Mteja wake alikuwa Gordon, aliyefundisha vijana kwenye ukumbi wa kanisa Nyalenda. Zamani Gordon alinunua fimbo za mkaratusi kando ya barabara. Moja ilivunjika mazoezini, na kibanzi kikampasua nyusi mwanafunzi wake Debra. Kingeshuka kidogo tu, jicho lingekwenda.

"Mimi nitakupa mpera," Nabalayo alimwambia siku ile. "Mpera ukipigwa utalalamika, lakini hauachii kibanzi."

Leo Gordon alikuja kuchukua fimbo sita. Jumamosi wanafunzi sita walikuwa na mtihani wa mkanda mpya, na asiye na fimbo hatahiniwi. Nabalayo alikuwa na tano tu, kazilaza kwenye nyasi mbele ya mlango, zinang'aa.

Ya sita aliikata pamoja na zile tano, nyuzi zake zimenyooka ncha hadi ncha, hata kifundo kimoja hakuna. Alizipaka zote nta ya mshumaa kwenye ncha zisipasuke, akazilaza kivulini zikauke taratibu. Halafu Jumapili moja, akikimbilia kanisa, akaiegemeza hiyo ya sita ukutani, akaisahau huko. Yeye, aliyewagombeza watu wazima kwa kuegemeza fimbo! Ikapinda kama mguu wa kuku.

Basi juzi akakata nyingine, akaichonga, akaisugua kwa msasa, akaipaka mafuta. Kwa macho ilizipita zile tano. Lakini alipoiweka shavuni ilikuwa baridi. Maji bado yalikuwa ndani. Alipozigonga kwenye jiwe, tano ziliimba. Hii iliguna.

Ingeweza kuvumilia Jumamosi moja. Labda. Tangu asubuhi alikuwa akiizungusha hiyo labda mkononi pamoja na fimbo yenyewe, na kila mara aliona nyusi ya Debra. Kusema ukweli nako kulikuwa kugumu. Jina alilojipa mwenyewe alilipenda sana.

"Ziko tano, Mama," alisema Gordon. "Ama ya sita ni hiyo umeshika?"

Nabalayo akajikuta ameiegemea.

"Hii? Hii ni mguu wangu, mwalimu. Goti limegoma. Bila hii hata chooni sifiki."

"Woi, pole! Limeanza lini?"

"Usiniulize. Linasikia likitajwa, linazidi."

Gordon akakuna kichwa. "Sasa Debra atahiniwe na nini? Si uniazime hata hiyo Jumamosi tu?"

"Uninyang'anye mguu? Umelelewa na nani wewe?"

"Basi ashike ile ya mkaratusi iliyobaki."

"Hapana!" Sauti ilimtoka kali mpaka kuku wakatawanyika. "Hiyo nenda ukaivunje, upikie chai. Mtoto asiiguse."

Gordon hakuwahi kumsikia akisema jambo bila mzaha ndani yake.

"Sawa," akasema. "Debra atachukua yangu ya mpera. Watahini nitawaambia mkono unaniuma, siwezi kuwaonyesha mchezo wa fimbo."

Pumzi ikamshuka Nabalayo. "Usiseme mkono, watakupa salamu ya nguvu wakupime. Sema goti. Goti hakuna mtu huchungulia."

Gordon akacheka, na yeye akacheka, akaanza kumweleza jinsi ya kupaka mafuta ya seremala yanayokauka, si yale ya kukaangia samaki, ambayo huchacha na kuita panya. Hapo ndipo mvua ilipotoka ziwani bila salamu, matone makubwa, moja kwa moja juu ya zile fimbo tano kwenye nyasi.

"Fimbo zangu!"

Nabalayo alitupa aliyoishika, akaruka beseni la nguo, akaruka na mbuzi aliyelala, akazikusanya zote tano kwapani, akarudi mbio hadi kizingitini, zikiwa kavu karibu zote, akihema kwa furaha.

Gordon alikuwa bado pale pale mlangoni, hajapiga hata hatua. Mkononi alikuwa ameuokota ule mguu.

"Mama," alisema kwa adabu kabisa, "umesahau kuchechemea."