Dhima ya Joho Lililoungua

"Sina dhima mimi! Soma ukutani!"

"Nimeshasoma, mzee. Sasa niambie wewe, dhima ni nini?"

"Dhima ni... dhima! Usinibabaishe, dada. Ukileta nguo hapa ikapata ajali, basi imepata ajali."

"Hii ni ajali? Hii ni pasi, mzee. Mpaka matundu ya mvuke yanaonekana!"

Kweli yalionekana. Joho lake jeusi la uwakili lilikuwa limetandazwa juu ya kaunta, na mgongoni, katikati kabisa, kuna alama ya pasi nzima, rangi ya kahawia, ncha inaelekea kwenye kola. Ungedhani ni nembo. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nimeuma midomo nisicheke, maana dada wa watu kesho asubuhi anasimama mahakamani kwa mara ya kwanza tangu aapishwe. Utamteteaje mtu huku umechorwa pasi mgongoni?

Mwenye duka ni mjomba wangu, kaka yake mama. Dobi. Kile kibao cha ukutani, mfano wake alikiona kwenye maegesho ya magari, akaupenda, akamwambia mchora mabango amwandikie vilevile: DUKA HALINA DHIMA. Kwake lile neno lilikuwa kama dawa ya mbu, unaliweka ukutani, kelele zinapungua. Shati likirudi bila vifungo, Mjomba ananyoosha kidole ukutani. Sweta likirudi saizi ya mtoto, kidole ukutani. Watu wanaona neno la kisheria, wananywea, wanakwenda zao. Leo kidole kimekutana na mwenye neno.

"Aliyeunguza ni nani?" wakili akauliza.

"Huyo hapo!" Mjomba hakuchelewa hata kidogo.

"Ni mimi," nikasema. Nifiche nini? "Nilikuwa napiga pasi, Mjomba akaniita nje nikapokee mzigo wa hoteli. Sasa hapa kwetu ukiitwa huulizi. Siku ya kwanza nilimwambia ngoja nimalize kola, alinisema wiki nzima, mpaka kwa mama. Tangu hapo akiita naacha kila kitu palepale kilipo. Na pasi nikaiacha palepale ilipo."

"Juu ya joho?"

"Ndipo ilipokuwa."

Wakili akageuzia uso dirishani. Nadhani alicheka. Alipoturudia alikuwa mkavu.

"Mzee, nisikilize. Kosa ni la mkono ulioacha pasi. Dhima ni kitu kingine. Dhima ni suala la nani anabeba matokeo. Mfanyakazi wako akiharibu akiwa kazini, tena akitii amri yako, mzigo unakuja kwako wewe mwajiri. Na hicho kibao hakikuokoi. Uzembe haufutwi kwa rangi."

Mjomba akakuna kichwa. Nikaona jicho linacheza. Namjua, akiwa hivyo anatafuta mlango wa nyuma.

"Mfanyakazi? Nani mfanyakazi?" Akacheka kwa upole wa kuazima. "Huyu ni mpwa wangu, mwanangu. Yuko kwangu likizo."

Likizo! Tangu niache shule niko kwenye meza ile ya pasi. Timu ya mtaani ilinipa jezi ya kipa, mpaka leo iko kwenye mfuko wake wa nailoni, maana mechi ni Jumapili, na kila nikiomba Jumapili nipumzike, jibu ni moja: "Upumzike na nini, kwani umeajiriwa? Hii ni familia."

"Basi," wakili akasema, akanitazama kwa huruma kidogo, "kama si mfanyakazi wake, dhima inakuangukia wewe."

Mjomba akanikonyeza. Maana yake, kubali, tutayamaliza nyumbani. Tungeyamaliza vipi? Ningekuwa yule aliyeunguza joho la mahakama, na Jumapili zangu zote zilizobaki zingeishia kwenye shuka za watu.

Nikavua aproni. Nikaikunja vizuri, pembe kwa pembe, nikaiweka kaunta.

"Unafanya nini?"

"Niko likizo, Mjomba. Napumzika."

"Na shuka za hoteli? Gari linazifuata leo hii!"

"Mgeni anajuaje mambo ya shuka?" Nikavuta kiti cha wateja, nikakaa, nikanyoosha miguu. "Ila maji ya kunywa nisingekataa."

"We mtoto!"

"Dada wakili, eti mgeni akilazimishwa kupiga pasi, akaunguza na shuka, dhima ya nani?"

"Hapo patamu," akasema. "Hapo ningependa sana kumsikia mzee."

Rundo la shuka lilikuwa limefika usawa wa dirisha. Mjomba akalitazama, akanitazama mimi. Viganja vyake siku hizi havikunjiki vizuri, pasi hamalizi nayo hata shuka moja, na anajua kwamba najua.

"Mfanyakazi," akanong'ona.

"Hatusikii."

"Ni mfanyakazi wangu! Haya! Dhima ni yangu! Mmefurahi?"

"Bado," wakili akasema. "Kesho nahitaji joho. Kuna wakili mzee hapo ng'ambo, ghorofani, ana la ziada na kimo chetu kimoja. Kaniombee."

Mjomba akachungulia ng'ambo ya barabara. Na yule mzee hawasalimiani tangu Mjomba alipomrudishia koti la mtu mwingine, akamwambia alivae tu, mbona linampendeza.

"Nikaombe mimi?"

"Si umesema dhima ni yako? Ndiyo kubeba kwenyewe."

Mjomba akavua ndala, akavaa viatu vyake vya ngozi, akachomekea shati. Nikamuwahi mlangoni.

"Mjomba, mfanyakazi Jumapili anapumzika, au?"

Akamtazama wakili, ambaye alikuwa ameegemea kaunta anasubiri jibu kwa hamu kuliko mimi.

"Kuanzia mchana," akasema.

"Mechi ni asubuhi."

"Asubuhi basi! Nenda ukafungwe magoli!"

Akageuka, akavuka barabara bila kuangalia nyuma, midomo yake ikifanya mazoezi ya kusalimia.