Glavu Zilizolainika Kabla ya Wakati

Mke wangu alinikuta uani nimeshika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, glavu zinanichuruzika maji, nazungusha kiganja cha kulia kama mtu anayeongeza mafuta kwenye pikipiki. Alinitazama, akautazama ufagio.

"Ukifika huko unakokwenda unisalimie," akasema, akaingia ndani.

Glavu mpya za ngozi hazilainiki kwa maneno. Unazilowesha kidogo kwa maji ya uvuguvugu, unazivaa zikiwa mbichi, unashika kitu chenye unene wa usukani mpaka zikukaukie mkononi. Baada ya hapo unaendesha nazo mwezi mzima huku unabanwa na kulalamika, mpaka ngozi iujue mkono wako na isiujue wa mtu mwingine. Hivyo ndivyo alivyonifundisha baba yangu, aliyebeba barua na mizigo kwa pikipiki miaka thelathini na moja. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole cha mwisho kilichovunjika zamani kikaunga vibaya, kikabaki kimesimama pembeni, hakishiki kitu. Nilipokuwa mdogo tukivuka barabara nilikuwa nakishika hicho hicho.

Glavu zenyewe nilikuwa nimezinunua jana yake. Mimi si mtu wa kuaminiana na watu, hilo niliseme mapema. Hata mizani ya bucha naiangalia mara mbili. Dukani nilizigeuza ndani nje, nikazinusa, nikavuta uzi wa kila mshono huku muuzaji anashusha pumzi. Zilikuwa za msimu wa joto, ngozi nyepesi yenye vitundu vidogo mgongoni ili upepo upite. Mimi nilikuwa napeleka sampuli za damu kwa pikipiki kutoka zahanati za pembezoni hadi maabara ya hospitali kuu, kuanzia alfajiri hadi saa saba mchana, na miezi ile ya joto mikono ilikuwa inateleza kwa jasho.

"Bosi, chukua kubwa kidogo," muuzaji alisema. "Hizo zinakubana."

Nikajua anataka kunisukumia kubwa zilizomdodea. Nikachukua zinazobana. Baba alikuwa na msemo wake: glavu inayokukaribisha siku ya kwanza itakufukuza siku ya kumi.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mimi, mke wangu, baba, na shemeji, mdogo wake mke wangu. Baba alikuwa anakaa kwetu tangu macho yalipoanza kumwishia. Mwaka mmoja kabla ya hapo alipanda na pikipiki yake juu ya kibaraza cha duka la vyombo, akavunja sahani ambazo hesabu yake hakuna aliyetaka kuisikia. Nilimnyang'anya ufunguo siku hiyo hiyo, mbele ya watu, kwa sauti ambayo mtoto hamtolei mzazi wake. Hakubisha. Alinipa ufunguo, akaniomba nimwonyeshe njia ya kwenda nyumbani.

Shemeji alikuwa mpaka rangi. Mtu mpole, mrefu, anacheka kwa kuchelewa, kama mzaha lazima kwanza uvuke barabara umfikie. Alikuja kukaa kwetu miezi miwili akisubiri kazi ya kupaka shule, na miezi miwili ikawa minane. Lakini niliwahi kumkuta na kosa. Zamani, kabla hata ya harusi yetu kutimiza mwaka, alichukua pikipiki yangu bila kuniuliza akairudisha tangi limebonyea. Aliomba radhi, nikasema yameisha. Hayakuisha. Nilikuwa nayo moyoni kama jiwe kwenye kiatu.

Sasa, wiki ya pili ya zile glavu, nikazivaa alfajiri moja, nikahisi kitu. Zilikuwa zimelainika. Si ulaini wa siku kumi ule. Zilikuwa zimejikunja vizuri kwenye viganja, kama zimeshika usukani miezi mitatu. Nilipofika zahanati ya kwanza nikazileta karibu na taa nizitazame. Kwenye ya kulia, mshono wa kidole cha mwisho ulikuwa umeanza kujivuta kwa nje. Mimi sishiki hivyo. Mimi nafunga ngumi yote.

Nikajiambia: kikulacho ki nguoni mwako.

Mchana nikirudi nilikuwa nakula, halafu nalala mpaka saa kumi. Pikipiki inakaa kwenye banda nyuma ya nyumba, glavu juu ya kiti. Katika saa zile mbili za usingizi wangu, mke wangu yuko kazini, na nyumbani anabaki mzee asiyeona vizuri na mwanamume mzima asiye na kazi. Nani mwingine?

Nikaanza upelelezi. Niliandika kilomita zinazosomeka kwenye mita ya pikipiki kwa penseli chini ya kiti kabla ya kulala. Nikiamka naangalia. Hazikuzidi hata nusu kilomita. Mtu mwenye akili timamu angetulia hapo. Mimi nikasema, kachomoa kebo ya mita, kumbe mjanja kiasi hiki. Nikashika injini, ya baridi. Nikasema, kaimwagia maji. Nikatazama mafuta, yako pale pale. Nikasema, anaongeza mwenyewe ili nisijue. Kila kilichomtetea kwangu kilikuwa kinamfunga. Nikawa namtazama machoni wakati wa kula, kila siku, nikitafuta hatia, na yeye ananisogezea chumvi akidhani ndiyo ninayoitaka.

"Una nini na mdogo wangu?" mke wangu aliniuliza.

"Sina kitu."

"Unamwangalia kama amekuuzia gari bovu."

Ilipofika wiki ya nne nikashindwa kuvumilia. Ilikuwa mchana wa Jumapili, wote tumekaa sebuleni tunakula, dirisha wazi, joto limetulia juu yetu. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Nikaenda bandani, nikarudi na glavu, nikaziinua juu.

"Shemeji, hizi glavu nani anazivaa?"

"Za kwako hizo, shemeji."

"Sikuulizi ni za nani. Nakuuliza unakwenda nazo wapi mimi nikilala."

Mke wangu aliacha kula. Shemeji aliweka sahani chini, akanyoosha mkono wa kulia kwangu, kiganja wazi, kama mtu anayeomba apewe. Alikuwa anataka glavu. Sikumpa bado. Halafu macho yake yakapita begani kwangu, yakaenda kule mlangoni alikokaa baba, yakabaki huko kidogo. Ule mkono ukarudi polepole, ukaingia mfukoni.

Nikauona unavyorudi. Nikasema moyoni: mwizi huyo.

"Nimekosa, shemeji," akasema. "Haitatokea tena."

"Haitatokea maana hutakuwepo."

Baba alijipapasa goti, akasema, "Joto limezidi leo," akaomba maji. Shemeji ndiye aliyeinuka kumletea.

Aliondoka siku ya pili na ngazi yake, makopo na brashi zilizofungwa kwenye shati kuukuu. Makopo mawili hayakuingia kwenye mzigo, akayaacha bandani. Mke wangu alimsindikiza hadi kituo cha basi, akarudi, akapika, akala jikoni peke yake. Tulilala mgongo kwa mgongo. Nilikuwa na hasira naye pia, kwa nini anamlilia mtu aliyekiri mwenyewe.

Siku tano baadaye nililala mchana kama kawaida. Nikaamshwa na kishindo bandani, kopo limeanguka, linabingirika. Niliinuka nimejaa furaha mbaya. Nilisema, karudi, leo namkamata papo hapo. Nikapita uani bila viatu ili asinisikie.

Baba alikuwa juu ya pikipiki.

Imesimama kwenye stendi, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Amevaa glavu zangu. Suruali ilikuwa na vumbi gotini, pale alipojikwaa kwenye makopo. Amefumba macho, mgongo umenyooka namna ambayo sikuiona tangu siku ya zile sahani. Kiganja cha kulia kinazunguka, kinarudi. Akainama kidogo kushoto, akakata kona, akainuka. Na kile kidole cha mwisho kimesimama pembeni, kinavuta mshono.

Nilishika kizingiti cha mlango. Ubao ukalia.

"Umerudi, kijana wangu?" baba akasema, bila kugeuka. "Leo nimekuja nashika ukuta peke yangu, karibu niue makopo yako. Niambie, njia nyeupe?"

Ningeweza kujibu. Neno moja tu lilikuwa linatosha. Lakini sauti ingekuwa yangu, na angejua kwamba mwanawe aliyemnyang'anya ufunguo amesimama anamtazama akiendesha pikipiki isiyokwenda. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua. Nikajilaza, uso ukutani, na nikaona haya kiasi kwamba masikio yaliniwaka moto.

Usiku huo nilimweleza mke wangu.

"Mimi sitakwenda kukuombea msamaha," akasema. "Una miguu."

Nilimkuta shemeji kwenye ile shule, hatimaye kazi imetoka, yuko juu ya ngazi anapaka dari. Nilimwambia nimeona, najua, nimekosa, arudi nyumbani. Aliendelea kupaka mpaka alipomaliza kipande chake, ndipo akashuka.

"Nimeshapata chumba, shemeji. Mzee hajambo?"

"Alianguka kidogo. Anakuuliza kama njia nyeupe. Maana yake nini?" Nilisema hivyo kwa sababu sikujua namna ya kuuliza vizuri.

Akacheka, kwa kuchelewa kama kawaida yake. "Nilikuwa nampeleka kwa mkono hadi bandani. Akishakaa anauliza kama njia nyeupe, yaani haina kizuizi, mimi najibu nyeupe. Akifika makutano nampigia honi kwa mdomo. Basi, shemeji, hakuna kingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikanya. Alisema utamwonea huruma."

Nilirudi nyumbani, nikanunua glavu nyingine njiani, kubwa kidogo, kama muuzaji alivyoshauri. Zile za kwanza nikaziacha juu ya kiti cha pikipiki. Makopo nikayatoa, nikafunga kamba kutoka mlango wa nyuma hadi bandani, nikamwambia baba ni ya kuanikia nguo. Alisema sawa. Haikuanikwa nguo hata siku moja, na hakuna aliyeuliza. Miaka mitatu nililala mchana nikiwa macho, nikisikiliza ile kamba inavyovutika. Kwenda bandani nikamwambia njia nyeupe, sikuweza. Kila siku nilisema kesho.

Shemeji alikuwa anakuja kututembelea. Alikaa kiti cha karibu na mlango, hakugusa kitu mpaka apewe, hata rimoti ya televisheni. Mke wangu aliliona hilo kila mara, na kila mara aliniangalia mimi.

Baba alipofariki, shemeji alishughulika kuliko mimi mwenyewe. Siku ya nne, wageni wameondoka, nikampeleka bandani. Nilikuwa nimefikiri niseme maneno mengi. Nikamkabidhi zile glavu tu.

"Chukua wewe," nikamwambia. "Ulimfaa kuliko mimi."

Alizipokea kwa mikono miwili. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaitazama mikono yake. Mikono ya mpaka rangi, mipana, vifundo kama kokwa. Wiki zile zote nilimtazama macho, sikuwahi kumtazama mikono. Akaingiza vidole kwenye ya kulia, akasukuma. Ikakwama kwenye vifundo. Akasukuma tena, kwa adabu, kama mtu anayejaribu nguo ya marehemu. Haikupita.

Nilikumbuka kile kiganja kilichonyooshwa kwangu Jumapili ile, kikaomba, kikarudi mfukoni.

"Hazinitoshi, shemeji," akasema. "Hata siku ile zisingenitosha."

Akaivua, akaiweka juu ya tangi pamoja na mwenzake, kidole cha mwisho kimeelekea nje. Kisha akauliza kama kuna chai.