Mjukuu wa Mtoto wa Jicho

Haya yote ni kweli tupu, na kama nimeongeza chumvi hata punje moja, cherehani yangu isishone tena.

Nilipotolewa mtoto wa jicho, aliniachia mjukuu. Jeraha lilipopona, kwenye weupe wa jicho la kulia pakachomoza kilengelenge, maji yake maangavu kama tone lililosahau kudondoka. Daktari alisema ngozi ya jicho wakati mwingine hujikunja inapopona, ikafungia maji ndani. Si jambo la kutisha, atakitoa mara moja. Mimi nilisikia neno moja tu: kisu.

Basi nikawatangazia wateja kwamba nimewekewa kioo cha kukuzia. Kwa jicho hilo, nikasema, namwona mbu akipiga mwayo juu ya paa la jirani. Walicheka, wakaleta suruali zaidi. Mke wangu, ambaye hushona vifungo pembeni yangu tangu nistaafu kiwandani, hakucheka. Alikuwa ameliona shati la juzi: mikono yote miwili ya kushoto.

"Fundi," alisema, "ziba jicho la kushoto lililo zima, utunge uzi kwenye sindano hii. Ukiweza, sitataja hospitali tena. Ukishindwa, unavaa viatu twende."

"Andaa mdomo wa kuniomba radhi," nikamjibu.

Jicho lilinikwaruza kama lililofungiwa mchanga. Machozi yakaizamisha sindano nisiione. Nikageukia dirishani, eti natafuta mwanga. Ukosini mwa shati nilikuwa na sindano yangu, nimeshaitunga uzi asubuhi. Nikaichomoa, ile yake nikaichomeka mahali pake, nikamgeukia kifua mbele kama jogoo aliyeamsha mtaa.

Aliipokea, akaitazama, akanirudishia taratibu.

"Umetunga vizuri. Ila niliyokupa mimi imevunjika tundu."

Nikaichomoa ile yake ukosini. Nikaipapasa kichwa kwa kidole gumba: kweli, tundu halikuwa zima.

"Kwamba huoni, nilijua," akasema. "Kwamba unaogopa kiasi hiki, sikujua."

Nikavaa viatu.

Daktari aliuliza kama kile kilengelenge kinanisumbua.

"Hata kid—"

Mke wangu akakohoa.

"Kinanisumbua," nikasema. "Na naogopa."

Daktari akanidondoshea dawa ya ganzi, akaniambia nitazame juu. Mke wangu akanishika mkono. Alikuwa ametoka nyumbani bila kuvua kastabini, kile kikofia cha chuma cha kushonea, kidoleni. Nikaibana hiyo, baridi na vishimo vyake vyote, taa ilipowashwa.