Ukoo wa Wakaidi

Nimesomea urithi wa viumbe, jinsi wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, na kisomo chote hicho kimeishia kwenye kufuga mbu. Nawapulizia dawa ileile ya vyandarua. Wanaokufa tunawafagia, wanaosalia tunawazalisha, kisha nawapulizia tena, ili tujue mapema dawa itashindwa vipi. Hawa wa sasa hata ukiwaogesha dawa hawafi. Tunawaita Wakaidi.

Leo mchana fundi wa maabara aliniita kwa sauti ndogo. "Mama, hebu njoo uone."

Wavu wa kizimba chao ulikuwa umechanika, tundu la kupita kidole. Jana jioni ulikuwa mzima, niliukagua mwenyewe. Nyumba yangu iko nyuma tu ya ukuta wa maabara, na binti yangu yumo, mjamzito, na malaria kwa mjamzito si mchezo. Wakaidi wakizaana na mbu wa mtaani, chandarua chake kitabaki pambo.

Tulifunga milango, tukakunja mikono ya mashati, tukakaa koridoni tuwe chambo. Mbu mwenye njaa humtafuta mtu mwenyewe.

"Kusoma kote kule, leo niliwe bure," fundi alinong'ona.

Tuliwanasa kadhaa, lakini nani ajuaye walitoka wangapi? Nikamwachia fundi korido, nikakimbia nyumbani.

Jua lilikuwa linazama. Binti yangu alijilaza ndani ya chandarua kipya, na nje ya wavu, usawa wa tumbo lake, mbu alikuwa ametua. Nilisimama nikingoja dawa ya chandarua imwangushe. Alitembeatembea, akapangusa miguu, akatulia.

Nikamfunika kwa glasi, nikampeleka dirishani, nikatoa lenzi yangu. Wakaidi wote tumewazalisha wakiwa na macho meupe, ili akitoroka mmoja ajulikane.

Macho ya huyu yalikuwa meusi.

"Ni wako?" binti yangu aliuliza.

"Hapana, si wangu."

"Basi si ushukuru, mama! Mbona hufurahi?"

Huyu hakutoka kizimbani kwa mtu. Kazi niliyojisifia miaka yote, ya kuzalisha mbu wasiokufa kwa dawa, mtaa ulikuwa umeshaimaliza wenyewe, na hakuna wavu wa kushona.

"Sogea katikati ya kitanda," nilimwambia. "Tumbo lisiguse chandarua."