Maji ya Kumwosha Fundi

Mota ya pampu ilipoungua na koki za kijiji zikakauka, mweka hazina wa kamati ya maji alifunga safari hadi ofisi ya maji mjini. Mumewe ndiye Fundi, aliyelaza mabomba yale kwa mikono yake. Nyumbani walikuwa na utani wao: mke ashike pesa, mume ashike matope.

Afisa alimsikiliza kwa adabu. Nje ya dirisha, mafundi wa serikali walikuwa wakibadilisha bomba lililopasuka, na maji yakitiririka barabarani kana kwamba hayana mwenyewe.

"Nakuelewa, mama. Lakini fungu la serikali ni la mabomba ya mjini. Wenu ni mradi wa jamii, matengenezo ni juu yenu."

"Siku ya kukata utepe mlisema ni mradi wetu sote."

"Jichangisheni. Haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba chenyewe kimetoboka, mwanangu. Mwaka huu hatukuvuna. Basi hata lori la maji, mara moja tu?"

"Lori ni la dharura, mama."

Alirudi jioni miguu ikimwaka moto. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. "Mkono mtupu haulambwi. Kesho nashuka kile kisima cha zamani, nikizibue."

"Kile kimezeeka, baba watoto."

"Na mimi nimezeeka, mbona hujanitupa?"

Asubuhi alishuka, mdogo wake akishika kamba juu. Ndoo zikaanza kupanda: udongo mkavu, kisha matope, kisha maji machafu. Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele havijaisha, ukuta wa kisima ukaporomoka. Haukuwa mshindo mkubwa, kama gunia lililodondoshwa tu. Mdogo mtu akavuta kamba, ikaja nyepesi.

Walichimba kutwa nzima kwa majembe na kwa kucha. Walipomtoa, hakuwa na uhai.

Ikafika saa ya kumwosha. Wanawake waliokuwa ndani wakatazamana, kila mmoja akiogopa kusema. Katika nyumba ya Fundi wa maji hamkuwa na maji. Habari ilitoka vipi nje, hakuna ajuaye, lakini majirani wakaanza kuingia: huyu na birika, yule na bakuli. Hata jirani aliyegombana na mke wa Fundi juu ya michango, hawakuwa wakisalimiana, alileta kikombe, akakishika kwa mikono miwili asimwage. Yote yakamiminwa kwenye beseni moja. Waliyatumia kwa uchoyo wa mapenzi, uso kwanza, kisha mikono. Yakaisha matope yakiwa bado kwenye kucha za Fundi.

"Hakuna hata tone?" mkewe aliuliza. Hakukuwa na hata tone.

Kesho yake, siku ya mazishi, lori la maji likaingia kijijini likipiga honi, afisa ameketi mbele. Alishuka, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Nimepata kibali. Hii ni dharura."

"Na siku ile nilipokuja kwako, ilikuwa nini?"

Afisa akamwashiria dereva afungue koki.

"Ilikuwa mradi wa jamii," mjane alimjibia, wala hakupaza sauti.

Alitamani kulifukuza lile lori. Lakini waombolezaji walikuwa wametoka mbali na koo zimewakauka, kwa hiyo akachukua ndoo, akapanga foleni.

"Kaa, shemeji, wewe ndiye mfiwa," mdogo wa Fundi alimsihi.

"Niache."

Alipojitwika ndoo, maji yakammwagikia shingoni, baridi, safi. Ndipo akalia, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu kamba ilipokuja nyepesi.

Lori halikurudi tena. Baada ya msiba kamati ilikutana kupanga mchango wa mota, naye mweka hazina akaweka ufunguo wa sanduku la pesa mezani. Walimbembeleza: abaki, na kama hawezi, basi atoe chochote, kidogo tu, kwa moyo.

"Mimi nimeshachanga," akasema.

Akawaaga, akashika njia ya juu, ile ndefu isiyopita kisimani.