Shahada ya Jumamosi

Barua zilikuwa mbili, na jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa ile. Zote zilimkubali msimamizi wa karakana ya kushona sare akasome shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Ya kwanza ilitoka chuo kikubwa cha mbali: miaka miwili, asubuhi hadi jioni, na kazi uiache. Ya pili ilitoka chuo kidogo cha mtaa wa pili: Jumamosi peke yake.

Pale karakanani kitambaa kipya hakikatwi mpaka kilowekwe, kikauke, kipimwe tena, maana muuzaji hakuambii kitarudi na kufupika kiasi gani. Msimamizi naye alifanya vivyo hivyo: aliomba kukaa darasani siku moja kila chuo. Kule chuo kikubwa walifundishwa habari za kiwanda chenye wafanyakazi elfu ishirini. Aliandika kurasa nane, ya tisa akaisinzilia. Kwenye darasa la Jumamosi mwalimu aliuliza, "Nani kamchelewesha mteja mwezi huu?" Wakanyoosha mikono karibu wote, na mwoka mikate mmoja akaanza kusimulia tanuri lake lilivyomwaibisha. Muda ulikwenda hakuuona. Moyo wake ukabaki pale.

Lakini angemwambiaje shangazi? Shangazi ndiye mwenye karakana, ndiye aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto, na habari za chuo kikubwa alishazitangaza hadi kwa muuza vifungo. Tena Jumatano alimvua msimamizi utepe wa kupimia shingoni, akamvisha mpiga pasi. "Kuanzia leo huyu ndiye msimamizi. Mwanangu aende, asigeuke nyuma!" Mpiga pasi alimeza mate kama aliyemeza sindano.

Ijumaa hiyo saa nne asubuhi shangazi na msimamizi wakamkuta mpiga pasi kwenye meza ya kukatia, jasho linamtiririka na pasi yake imezimwa.

"Mama, usinipige," akamwambia shangazi.

"Nikupige kwa lipi, mtu mzima na ndevu zako?"

Akafunua rundo. Shule iliagiza makoti thelathini ya maabara, na mikono sitini ilikuwa imekatwa. Yote ya kushoto. Alisahau kuigeuza karatasi ya kukatia, na kitambaa chenyewe kina uso mmoja tu, mkono wa kushoto haugeuki ukawa wa kulia.

"Hao wanafunzi watavaa nusu nusu!" fundi wa vifungo akaangua kicheko.

Shangazi hakucheka. Alivuta kigoda akakaa.

"Mama, mimi ni mtu wa pasi," mpiga pasi akasema. "Siku mbili hizi chakula hakinipiti. Nguo zilizokunjamana naziweza. Watu waliokunjamana, wallahi, siwawezi."

Msimamizi alishainama mezani. "Usitupe hata mmoja. Shule itataka makoti mengine thelathini mwezi ujao, kitambaa hikihiki. Kateni sitini ya kulia, tutakuwa na mikono ya makoti sitini."

"Na ukiondoka, nani ataniambia hivyo?" Maneno yalimponyoka shangazi, akajiziba mdomo.

"Siondoki, Shangazi. Nataka darasa la Jumamosi, kule watu wanakosimuliana aibu za biashara zao. Wala si kwa kukuonea huruma, nililitaka kabla ya balaa hili. Niliogopa kukuangusha."

"Na mimi niliogopa kukufunga kamba mguuni! Wiki nzima nacheka usoni, tumboni nalia. Mbona hukusema, we mtoto?"

"Nafasi ya kusema ungenipa wapi? Muuza vifungo ameshaniaga mara tatu!"

Hapo shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mpiga pasi hakungoja kuambiwa. Alivua utepe, akauweka mezani taratibu, akaenda kuwasha pasi yake huku anapiga mluzi.

Kabla ya saa sita jibu lilikuwa limekwenda kwa barua pepe. Msimamizi alipoliandika, shangazi alisimama nyuma ya kiti chake akilisoma neno kwa neno, midomo inacheza. Chuo kidogo kilipojibu kwamba nafasi imethibitishwa, alishusha pumzi kama aliyetua kuni kichwani.

"Darasa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Basi Jumamosi nitafungua mimi. Nenda ukawasimulie wenzio aibu yetu. Ila jina la karakana usilitaje."